Kolwezi haina volkano: mashimo yetu yana majina na sahihi

Kuna neno limeanza kutembea katika mji wetu, na ni neno la hatari. Tumelisikia kwenye simu za wasikilizaji, tumelisikia sokoni, tumelisikia hata katika mkutano mmoja wa kartie, kinywani mwa mtu aliyetumwa kutuliza wakaaji. Linasema hivi: ardhi ya Kolwezi ni ardhi ya volkano, mashimo makubwa yanayotuzunguka yalikuwa midomo ya volkano tangu zamani, kama nyumba zinapasuka na udongo unashuka, ni dunia inayotembea kule chini. Kazi ya Mungu. Hakuna wa kuulizwa.

Kwa familia iliyobomolewa nyumba, au inayolala kando ya ukuta uliopasuka, neno hilo linafunga mlango. Ndiyo maana leo nasema wazi: Kolwezi haina volkano. Hapa Mashamba hakuna kaldera. Kuna karieri, na kila karieri ina jina, ina mwaka iliyofunguliwa, ina mwenyewe, na ina sahihi chini ya karatasi.

Lakini tusikatae kwa kelele tu. Tuone kwanza volkano inatengeneza shimo namna gani, kisha tulinganishe na mashimo yetu.

Namna volkano inavyoangusha paa lake

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Mdomo wa volkano, unaoitwa kreta, ni tundu ambalo moto unapitia ili utoke. Kaldera ni kitu kingine. Jina limetoka katika Kispania, maana yake ni sufuria kubwa, na kwa kawaida wataalamu wanalitumia kwa shimo lenye upana wa zaidi ya kilometa moja. Kaldera ni paa la volkano lililoanguka ndani.

Chini ya volkano, kilometa kadhaa ndani ya ardhi, kuna ghala la mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Yanaitwa magma. Magma hiyo ndiyo inasaidia kubeba uzito wa mlima ulio juu yake. Baba na mama, chukueni pipa la maji, muweke juu ya maji kifuniko cha mbao kinachoelea. Pipa likijaa, kifuniko kiko juu. Sasa fungueni bomba kule chini. Maji yanatoka, na kifuniko kinashuka pamoja nayo, bila mtu kukisukuma. Ndivyo inavyokuwa kwa volkano. Magma ikitoka kwa wingi, ama kwa mlipuko wa juu, ama kwa nyufa zilizofunguka ubavuni, mlima unabaki bila cha kuegemea. Ardhi inapasuka kwa mzunguko, kama duara, na kipande cha katikati kinazama.

Ngorongoro kule Tanzania ilitokea hivyo, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Upana wake ni karibu kilometa 19, na kuta zake zina urefu wa mita 600 hivi. Leo simba na nyati wanaishi ndani yake. Menengai, juu ya mji wa Nakuru kule Kenya, ni kaldera ya kilometa 12 kwa 8. Huko Indonesia, mlima Tambora ulilipuka mwaka 1815 na kuacha shimo la upana wa kilometa 6. Hawaii, mwaka 2018, lava ya Kilauea ilitoka kupitia nyufa za mbali na kuunguza nyumba zaidi ya 700, na wakati huohuo sakafu ya juu ya mlima ikashuka kidogo kidogo kwa miezi mitatu, mpaka karibu mita 500.

Nchi yetu pia inajua jambo hili. Nyamulagira, katika Kivu ya Kaskazini, ina kaldera ya upana wa kilometa 2 hivi juu yake. Mwaka 1938 ziwa la lava lililokuwa ndani yake lilitoka kwa ubavu, na lava ikateremka mpaka ikafika ziwa Kivu karibu na Sake. Jirani yake Nyiragongo ilifanya vivyo hivyo tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021: ubavu ukapasuka, ziwa la lava likakauka, na sakafu ya ndani ikaporomoka.

Kwa hiyo volkano ina alama zake. Inahitaji ghala la magma chini. Inaacha lava na majivu pande zote. Inapasua ardhi kwa duara lake yenyewe. Sasa tutazame kwetu.

Mashamba, kwa macho ya kila mtu

Volkano zilizo karibu nasi ziko wapi? Ngozi, kule Mbeya katika Tanzania, ambako ziwa limekaa ndani ya kaldera, iko karibu kilometa 900 kwa ndege. Nyiragongo iko zaidi ya kilometa 1,000. Hapa chini yetu hakuna ghala la magma.

Na mawe yetu yanasema nini? Mchimbaji yeyote wa mikono anayajua kuliko profesa: yamepangwa kwa matabaka, kama kurasa za kitabu. Ni matope, mchanga na dolomiti zilizotua ndani ya maji ya bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Shaba na kobalti ziliingia humo kwa maji ya chumvi yaliyopita ndani ya matabaka. Baadaye ardhi ikajikunja na kuyapandisha juu. Hata pale Katanga inapoonyesha mawe machache yaliyotoka katika moto, moto huo ulizimika mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa. Malakiti ya kijani na heterojeniti nyeusi si majivu ya volkano.

Naelewa kwa nini mtu anadanganyika. Gécamines ilipoanguka, pampu zilisimama, na karieri nyingi zikajaa maji. Mtoto aliyekua akitazama Dikuluwe au Mashamba Magharibi aliona ziwa la rangi ya bluu ndani ya shimo refu, na akija kuona picha ya ziwa la volkano shuleni, anasema ni kitu kimoja. Lakini mtazame kuta. Kuta za karieri zimekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina barabara ya kupitisha lori. Ni volkano gani ilijikatia ngazi ili lori lipande?

Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote. Kaldera ya Ngorongoro haikuuza kitu. Mawe yaliyotoka katika mashimo yetu yalipimwa kwa tani, yaliandikwa katika vitabu, yalilipiwa kodi, yalipita Kasumbalesa. Union Minière iliandika. Gécamines, baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliandika. Wa leo wanaandika: Mashamba Mashariki iko mikononi mwa KCC, ambayo Glencore ina hisa nyingi na Gécamines ina sehemu, Mashamba Magharibi na Dikuluwe ziliingia katika mkataba wa Sicomines na Wachina mwaka 2008. Shimo lenye kitabu cha hesabu haliwezi kuitwa kazi ya asili.

Kwa nini neno hili linapendwa

Sasa tuingie penye maumivu. Kwa nini mtu anayetumwa na wakubwa aje kutufundisha volkano?

Jibu liko katika sheria. Kodi ya migodi ya Kongo ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kifungu cha 285 bis kinasema kwamba mwenye haki ya mgodi analazimika kurekebisha madhara ambayo kazi yake imeleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Someni tena: hata bila kosa. Mama ambaye ukuta wake umepasuka hahitaji kuonyesha kwamba enjinia alilewa siku ile. Anahitaji kuonyesha madhara, na kwamba yametoka kwa kazi ya mgodi.

Mlango wa kutorokea upo mmoja. Mwenye mgodi anaweza kuachiliwa kama ataleta ushahidi kwamba madhara yametoka kwa sababu nyingine, iliyo nje ya kazi yake.

Mmeona? Hapo ndipo volkano inapoingia. Wakaaji wenyewe wakianza kusema barabarani kwamba ni dunia inayotembea, wanamsaidia mwenye mgodi bure, bila hata yeye kulipa avoka. Siku ya tribinali atasimama na kusema: hata majirani wanajua ni mambo ya asili. Tunamwandalia ushahidi kwa midomo yetu.

Na tusisahau nani anabeba mzigo: sheria inamtaka mwenye mgodi alete ushahidi. Anayesema "ni volkano" ndiye aonyeshe hiyo volkano. Atuonyeshe lava yake. Atuonyeshe ghala lake la magma. Akishindwa, alipe.

"Lakini ardhi inatetemeka kweli"

Msikilizaji mmoja alinipinga kwa haki. Alisema: matetemeko yapo katika eneo letu, wazee wanayakumbuka. Ni kweli. Upande wa Upemba kuna bonde la ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilipiga chini ya ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie. Siwezi kukana hilo.

Lakini tutofautishe. Tetemeko la dunia halipigi sireni kabla ya kuja. Halichagui saa ya kazi. Halipumziki siku ya sikukuu. Tena, tetemeko lenye nguvu ya kupasua nyumba linaandikwa na mashine katika nchi nyingi za dunia, na kila mtu anaweza kuuliza tarehe na saa yake. Mlipuko wa baruti katika karieri nao unaandikwa, katika kitabu cha kampuni. Basi tuweke vitabu viwili mezani, kimoja cha matetemeko, kingine cha milipuko, na pembeni daftari la mama anayeandika saa ambayo kopo zilianguka kwenye kabati. Tuone saa zinapatana na kitabu gani.

Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International na shirika la hapa kwetu, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu wanaofukuzwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Ndani yake wakaaji wa Cité Gécamines walieleza nyufa katika nyumba zao na milipuko ya karieri iliyo jirani. Hakuna aliyetaja volkano.

Paa haliulizi nani ametoa nguzo

Kuna kitu kimoja ambacho kaldera inatufundisha kweli, na hiki wanaotuletea habari ya volkano hawakisemi. Ukitoa kilicho chini, cha juu kitashuka. Watengeneza matofali wetu wanajua: unachimba udongo wa kichuguu kutoka chini, kichuguu kinasimama, unasema bado kigumu, kisha mara moja kinalala juu ya mtu.

Kolwezi imeona hayo bila volkano. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, feza iliyoliwa na siasa, lakini kuanguka kwa Kamoto ni moja ya kubwa, na mji mzima ulilala njaa. Tarehe 8 Machi 2016 ukuta wa karieri ya KOV ulianguka na kuua wafanyakazi saba. Tarehe 27 Juni 2019, katika eneo la KOV tena, matundu ya wachimbaji wa mikono yalifunika watu, na zaidi ya 30 wakafa.

Na Kasulo? Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, na wengi wakachimba wenyewe, sebuleni, chini ya kitanda. Matundu yalipita kutoka parsele moja mpaka nyingine. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ilizungushiwa ukuta, na mamia ya familia zikaondolewa. Kuna watu wanapenda kutukumbusha Kasulo kila tunapodai: mlijichimbia wenyewe. Nawajibu hivi. Ndiyo, shimo la mwana wetu linaua sawasawa na shimo la mashine, na wazazi tuna neno la kujibu. Lakini hata hilo si volkano. Lilikuwa na wenye parsele waliokodisha, lilikuwa na wanunuzi waliosimama na mizani, lilikuwa na viongozi waliopita kila siku wakiona magunia. Wote hao wana majina.

Kwa wale waliotoka Goma

Najua kati ya wasomaji wetu wako waliokimbia Kivu. Hamkukimbia hadithi, mlikimbia moto wa kweli. Nyinyi mnajua tofauti kuliko sisi. Na bado nyinyi pia mlidanganywa kwa neno "asili".

Nyiragongo ilipasuka bila mtu kuiamuru. Lakini kabla ya Mei 2021 kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimekosa feza za kazi, msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha, na kwa miezi kilikosa hata intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake. Tarehe 22 Mei lava iliteremka usiku bila wakaaji kuambiwa wahame. Watu karibu 30 walikufa. Siku tano baadaye amri ya kuhama ikatolewa, na mamia ya maelfu wakajaza barabara ya Sake kwa miguu. Mlima haukunyima kituo feza. Walionyima ni watu.

Kwa hiyo hata pale volkano ipo kweli, serikali haiwezi kujificha nyuma yake. Sembuse hapa, ambapo haipo!

Na kuna tofauti nyingine kati ya uhamisho wenu na wa jirani yenu wa Kolwezi. Baada ya 2002 watu wa Goma walirudi, wakavunja lava kwa nyundo, wakajenga juu yake. Aliyehamishwa na karieri hana pa kurudi. Parsele yake imekuwa hewa. Ndiyo maana malipo yake lazima yawe ya nyumba, ya shamba, ya choo, ya kisima, ya miti ya maembe, ya shule iliyokuwa karibu, na ya kazi aliyoipoteza. Kanuni za migodi za 2018 zina kiambatisho kizima, cha XVIII, juu ya kuhamisha na kuweka upya jamii. Kiambatisho hicho hakijaandikwa kwa ajili ya volkano.

Tunadai nini

Kwa makampuni: chapisheni siku na saa za milipuko, mzibandike kwenye ofisi ya kila kartie iliyo jirani na karieri. Wekeni mashine za kupima mtikisiko ndani ya kartie, si ndani ya ua wenu tu, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji.

Kwa gavana, meya na maburgumestri wa Dilala na Manika: leteni wanajiolojia wasiolipwa na mgodi waje kupima nyufa. Na kiongozi yeyote atakayesimama mkutanoni kusema "ni asili", aonyeshe karatasi ya mtaalamu aliyemwambia hivyo.

Kwa wenzangu wa redio: tukisema "ardhi imeanguka", tumeficha mtu. Tuulize nani alichimba, kwa kibali gani, na nani alipaswa kulinda ukuta.

Kwenu familia mlioko kando ya mashimo, na mlioondolewa tayari: anzeni daftari. Mkisikia mlipuko, andikeni tarehe na saa. Chora mstari wa penseli penye mwisho wa ufa, andika siku. Ukipita mstari, chora mwingine. Pigeni picha, mtume nakala kwa ndugu aliye mbali ili isipotee pamoja na simu. Hifadhini karatasi ya parsele, risiti, hata barua ya shefu wa kartie. Usitie sahihi karatasi ya Kifaransa ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa. Nendeni wengi, maana anayekwenda peke yake anapewa feza ya basi na kuambiwa arudi wiki ijayo.

Na mtu akija tena katika mkutano na habari yake ya volkano, msimzomee. Mpeni kiti, mpeni maji, kisha muulizeni mbele ya watu wote: baba, hiyo volkano yako inalipwa mshahara na nani?